SEHEMU YA 4: Soksi ya oksijeni haimlindi mtoto wako

Mama wenzangu, meseji zimejaa swali moja: "Nesi, ninunue ile soksi inayopima oksijeni ya mtoto na kutuma kwenye simu?" Kama mtoto ni mzima, usinunue. Wanaowauzia kwa kuwatisha na vifo vya ghafla vya vichanga wakasirike tu. Hofu yenu ndiyo mtaji wao.

Soksi inamulika ngozi kwa mwanga. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga tofauti, kifaa kinakadiria. Hata wodini tunatumia kanuni hiyo. Ila mtoto akirusha miguu, namba inaruka, ndo maana tunasubiri atulie, na macho yetu yako kwake. Na kuna la ngozi zetu, hili huwa hawalisemi: utafiti wa Marekani wa 2020, kwa watu wazima na kwa mashine za hospitali kabisa, ulionyesha upungufu wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana karibu mara 3 zaidi kwa weusi kuliko kwa weupe.

Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliipa onyo kampuni ya Owlet kwa kuuza soksi hiyo bila kibali cha kifaa tiba. Kibali kilikuja 2023, nisiwe mnafiki. Lakini kibali cha kusoma namba si kibali cha kuzuia kifo! Madaktari wa watoto hukohuko wanasema usitegemee vifaa hivi kuzuia vifo vya ghafla. Mlaze chali, godoro gumu, bila mito.

Sasa kipimo cha bure. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2: 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka: 50. Mwaka 1 hadi 5: 40. Au kifua kinabonyea chini ya mbavu, amegoma kunyonya, ulimi una rangi ya bluu? Hospitali, sasa hivi, hata kama soksi inasema 98. Nimonia inaweza kuwepo na oksijeni bado iko juu. Jamani, usikae unaangalia simu.

Mliopewa kipimo na daktari, mfano mama wa njiti aliyerudi nyumbani na oksijeni, endeleeni nacho. Ninyi ugomvi huu hauwahusu.