Mwili nao ni kazi ya Mungu

Mwandishi, katika makala yako umemruka mtu muhimu: Ireneo, askofu wa Lyon, aliyeandika takriban mwaka 180. Alikuwa akiwajibu Wagnostiki waliodai kwamba mwili umetengenezwa na nguvu duni, si Mungu Mkuu. Yeye akashikilia kwamba Mungu alimfinyanga Adamu kwa mikono yake miwili, yaani Neno na Roho, na kwamba Adamu alianza kama mtoto ili akue taratibu. Karne ya 4, Gregori wa Nisa akaenda mbali zaidi, akaupinga utumwa: mtu akiwa sura ya Mungu, nani ana haki ya kumnunua? (Mababa wengi wa Kanisa waliuvumilia utumwa, tuseme ukweli.)

Huku Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, baadhi ya wahubiri wa jioni bado wanatuambia mwili ni takataka, roho tu ndiyo mali. Ireneo aliyapinga hayo hayo. Kijana anayekatiza Mtaa wa Kongo na robota mgongoni ameumbwa mzima, mgongo na roho. Katika sehemu ya pili ya makala, tafadhali mpe Gregori nafasi.