Usingoje Kuulizwa Mwishoni: Pesa za Tabianchi na Wadi Yako



Wewe wa Shela Malindi, wa Maweni, wa Mambrui, wa Takaungu, wa Mtwapa. Leo hatuna habari ya kijana aliyekamatwa wala kesi iliyoahirishwa. Leo twataka kuzungumza nawe juu ya karatasi ya mahudhurio.

Waijua ile karatasi. Waingia ukumbini, wapewa kalamu, waandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, watia sahihi. Mbele kuna bango, maafisa wameketi, spika yakoroma. Wapewa kitabu kinene cha Kiingereza ambacho kimetoka kuchapishwa asubuhi ile ile. Afisa asoma vichwa vya sura kwa saa nzima, kisha auliza, "Kuna maswali?" Mzee mmoja asimama kuuliza habari ya maji ya kijijini kwake, ajibiwa hilo ni la idara nyengine. Chai, soda, nauli kidogo, kwaherini. Baadaye ile karatasi uliyotia sahihi yabandikwa nyuma ya ripoti, na ripoti yasema: umma umeshirikishwa.

Mimi nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Kimoja kiliwekwa Ijumaa saa sita mchana, katika mji wenye misikiti kila kona. Ofisi sitaitaja. Na wallahi siamini kama aliyekipanga alikuwa na nia mbaya. Hakujiuliza tu: nani atakuja, saa hiyo atakuwa wapi, na akija ataelewa nini? Jambo letu la leo ni hilo hilo.

Kuna pesa zinaingia kaunti zetu kwa jina la mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa kitaifa uitwao FLLoCA, wa kugharamia kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji wenyewe. Ni mkopo, si sadaka. Utalipwa na Mkenya, na wewe umo. Na kumbuka kwamba kwa hesabu ya serikali yenyewe, Kenya yachangia chini ya asilimia 0.1 ya hewa chafu inayochoma dunia. Yaani hatukuuwasha moto, lakini ndoo ya kuuzimia twaikopa. Basi angalau tuulizwe ndoo ya namna gani.

Mpango huo una masharti, na masharti hayo ni mazuri. Kaunti inatakiwa kuwa na sheria yake ya tabianchi na mfuko wake, na katika kila wadi kuwe na kamati ya kupanga kazi za tabianchi. Kabla ya mradi kuandikwa, wenyeji wanatakiwa kukaa na kueleza hatari zinazowakabili wao. Kilifi imo. Kaunti yetu ina wadi 35. Hebu jiulize sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma: wamjua mtu mmoja aliye katika kamati ya wadi yako? Mmoja tu?

Wataalamu wa miji huko Marekani na Ulaya wana jina la kazi hii: kubuni kwa kumweka mtu katikati. Jina kubwa, maana ndogo. Badala ya kuanza na bajeti au na mchoro wa mhandisi, waanza na mtu atakayekitumia kitu. Waenda kwake, wakaa, watazama anafanyaje leo. Kisha wajaribu jambo dogo, la bei rahisi, umpe alitumie, aseme limekosea wapi, ulirekebishe. Ukishajua lafanya kazi ndipo ulijenge kwa saruji.

Chukua kibanda cha maji. Kimejengwa, kimepakwa rangi, kimezinduliwa. Lakini mfereji umewekwa juu, na mtoto wa miaka kumi aliyetumwa maji hawezi kuuinua mtungi wa lita 20 akiuondoa pale. Ufunguo anao mwenyekiti, na mwenyekiti aamka saa mbili, wakati mama alitaka maji kabla ya alfajiri ili awahi shambani. Malipo ni kwa simu, na simu ni ya mume, na mume yuko Mombasa. Ukimuuliza mhandisi, mradi umekamilika asilimia mia. Ukimuuliza mama, bado ateka kule kule alikokuwa akiteka. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na bado pesa zimepotea.

Sasa twende Mto Sabaki, kwa sababu hapo ndipo makosa ya namna hii yanapoua.

Maji ya Sabaki hayaanzii kwetu. Mto huo ni Athi unapotoka upande wa Nairobi, wapita Ukambani, wapita Tsavo ukaitwa Galana, mpaka ukatufikia Sabaki na kumwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Kwa hivyo mtu wa Garashi aweza kulala chini ya mbingu yenye nyota, bila tone la mvua, akaamka maji yako mlangoni. Ilikuwa hivyo 2018, na mafuriko yakarudi na El Niño ya mwisho wa 2023. Na katikati ya miaka hiyo miwili, kuanzia mwisho wa 2020, mvua za misimu mitano mfululizo zilifeli, na watu wa Ganze na Magarini wakawazika ng'ombe wao. Mto mmoja, watu wale wale, mara kiu, mara gharika.

Lakini tazama: maji yakisafiri kutoka bara, yachukua muda njiani. Muda huo ni zawadi. Onyo laweza kufika kabla ya maji. Swali ni lafikaje? Likiwa ni waraka wa Kiingereza uliotumwa kwa barua pepe ya ofisi, limemfikia afisa. Halijamfikia bibi wa Garashi. Anayeanza na mtu angekwenda kwa huyo bibi amuulize: mara ya mwisho nani alikuambia kwanza? Ulimwamini? Ulibeba nini? Na kwa nini mume wako alikataa kuhama?

Hilo la mwisho ndilo zito. Ofisini husemwa "wakaazi ni wakaidi." Nenda ukawasikilize. Kuna mwenye mbuzi ishirini na kambi haina mahali pa mbuzi. Kuna mama mwenye binti wa miaka kumi na minne, na kambi ina choo kimoja kisicho na komeo. Kuna mzee asiye na hati ya shamba lake, na katika pwani hii twajua sote mtu asiye na hati huogopa nini akitoka. Ukijua hayo, hutaongeza mabango ya onyo. Utatafuta zizi, komeo, na barua ya kumhakikishia mzee kwamba shamba ni lake akirudi. Onyo lenyewe utalipitisha kwenye redio ya Kigiriama na vipaza sauti vya misikiti, ambavyo tayari vipo na havihitaji zabuni.

Na kando ya mto huo huo kuna visima vya Baricho, vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Malalamiko ya vijiji ambavyo bomba lapita kwao na mifereji yao mikavu ni ya miaka na miaka. Bomba lilibuniwa likiwa na mji akilini. Mtu wa njiani hakuwemo kwenye mchoro.

Wazee wetu, naona, jambo hili walilijua bila semina. Nenda Gede siku moja, pale karibu na Watamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024. Tazama kisima kilivyo ubavuni mwa msikiti mkuu, pale miguu ya watu ilipopita mara tano kwa siku. Na waliochimbua magofu yale waliona kisima hicho kiliongezwa kina. Moja ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa ni maji ya chini kushuka. Kwa hivyo habari ya tabianchi si ngeni kwetu, na wala si ya wazungu.

Ukitaka mfano wa leo, wa hapa Kenya, ni Isiolo. Kabla FLLoCA haijazaliwa, Isiolo walikuwa tayari na mfuko wa tabianchi na kamati za wadi zilizochaguliwa na wenyeji. Mtu wa ofisini akiona ukame hufikiria kuchimba kisima. Wafugaji walijua kisima kipya mahali pasipofaa ni msiba: mifugo yavutwa pale, malisho ya akiba yamalizwa mapema, kiangazi kikikaza hakuna pa kukimbilia. Kwa hivyo katika mambo waliyoyaweka mbele kulikuwa na kuimarisha dedha, baraza la wazee wa Kiborana linaloamua nani alishe wapi na msimu gani. Hakuna mhandisi ambaye angeandika hilo kwenye zabuni. Halina hata ukuta wa kupaka rangi siku ya uzinduzi.

Freetown, Sierra Leone, ni mfano mwengine. Mwaka 2021 mji ule ulimteua Eugenia Kargbo kushughulikia joto, wa kwanza kupewa kazi hiyo Afrika. Moja ya kazi zilizofuata ilikuwa kuweka mapaa ya kivuli juu ya masoko matatu ya wazi, kwa sababu wanawake wanaouza humo ndio wanaoungua mchana kutwa. Sasa wewe nenda adhuhuri, miezi ya kaskazi, pale mama anapouza mboga kando ya barabara Malindi. Ana mwavuli uliochanika na kipande cha gunia. Je, ripoti ya hatari za wadi yako yamtaja?

Nikuonye pia. Hata jambo hili laweza kugeuzwa mchezo. Tutaletewa washauri, tutapelekwa hoteli ya ufuoni, tutapewa vikaratasi vya rangi tubandike ukutani, tupigwe picha. Kisha mradi ni ule ule. Kwangu mimi kipimo ni kimoja: uliulizwa kabla ya uamuzi, au baada? Uyombo, hapa hapa Kilifi, wakaazi walitoka barabarani mwaka 2024 kuupinga mpango wa kinu cha nyuklia, na moja ya malalamiko yao makubwa ilikuwa kwamba hawakuhusishwa ipasavyo. Nao mradi huo uliletwa kwa jina la nishati safi. Usafi wa nishati hausafishi njia iliyotumika.

Watakwambia kusikiliza kunachelewesha. Kweli, kunachukua wiki kadhaa. Kibanda cha maji kisichotumika chakaa miaka.

Na usiende kuomba. Kifungu cha 10 cha Katiba chafanya kushirikishwa kwa wananchi kuwa msingi wa utawala. Cha 42 chakupa haki ya mazingira safi, cha 43 maji, cha 35 habari zilizo mikononi mwa serikali. Kalenda nayo yajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba mosi, karatasi ya mwelekeo wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mlango mpana ni ule wa Septemba. Ukija Juni, wahudhuria maziko.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Mkae watatu au wanne, vijana wa mtaa mmoja, wasichana wakiwemo, na si kwa kupika chai. Tembeeni kwanza: waulizeni kina mama wanaouza, wavuvi, mlemavu wa nyumba ya tatu, maji huingia wapi na hukauka wapi. Andikeni. Kisha mwandikieni afisa wa habari wa kaunti barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria yaruhusu Kiswahili, kwa hivyo msihangaike na Kiingereza cha kuazima. Ombeni mambo matatu: majina ya kamati ya tabianchi ya wadi yenu na jinsi walivyochaguliwa, ripoti ya hatari iliyoandikwa kwa wadi yenu, na orodha ya miradi iliyopitishwa pamoja na gharama zake. Linganisheni na mliyoandika nyinyi.

Wana siku 21 za kujibu. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mkinyimwa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, na sisi tutawasaidia kuandika malalamiko. Mkijibiwa, tutumieni nakala. Mkinyamaziwa hadi siku ya 22, tutumieni pia ile yenye muhuri.