Kichuma cha Kuchokonolea Meno



Hivi karibuni, baada ya kikao cha akina mama kanisani, tulikula pilau ya nyama ya ng'ombe. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, na kila mmoja akaanza kusumbuka na meno yake. Mama mmoja akatoa kwenye pochi kichuma chembamba kilichoning'inia pamoja na funguo zake. Akachokonoa, akakifuta kwa leso, akampa dada aliyeketi kando yake. Huyo naye akachokonoa, akafuta, akakipitisha kwa wa tatu. Wa tatu tulikuwa sisi.

Tulishukuru, tukasema maji ya kusukutua yatatosha. Hapo wakatugeukia: "Muuguzi, kwani kina ubaya gani? Hakivunjiki kama vile vijiti!"

Kwa kweli kina uzuri wake. Hakiachi vibanzi kwenye ufizi, na kikiwa cha chuma kisichoshika kutu huoshwa na kuchemshwa. Lakini kijiti cha mti hutumiwa mara moja kikatupwa, hali kichuma hubaki, na kitu kinachobaki huazimwa. Ufizi ukichomwa hutoa damu, hata kidogo isiyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na leso haiviui. Watoto wetu siku hizi huchanjwa wangali wachanga, lakini wengi wetu wa umri huu hatukupata chanjo hiyo utotoni. "Hata na mume wangu tusichangie?" aliuliza mmoja, wengine wakacheka. Hata na mume. Baba naye awe na chake.

Kuna pia habari ya jino lenyewe. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lakini ufizi ukishuka, mzizi hubaki wazi, na huo ni laini. Chuma huukwaruza. Nacho kinyama cha ufizi kilicho kati ya meno kikichomwa kila siku husinyaa na pengo huongezeka. Chakula huingia zaidi, nawe unachokonoa zaidi. Mama mjamzito awe mwangalifu hasa, maana wakati huo ufizi huvimba na kutoa damu kwa urahisi. Na aliyezibwa jino asikichokonoe kizibo kwa chuma, kisije kikang'oka.

Mtu atasema, mbona daktari wa meno hutumia vyuma? Yeye ana taa, anaona anapogusa, na vyombo vyake husafishwa kwa kuua vijidudu kabla ya kila mgonjwa. Sisi tunapapasa gizani.

Pini, sindano ya kushonea na ncha ya kisu tusivitie mdomoni kabisa. Watoto wasipewe kichuma hicho wala kuachiwa wakichezee. Na mtu mzima asitembee wala kulala nacho mdomoni, kwa kuwa kikimezwa kinaweza kutoboa utumbo.

Nyumbani, anza kwa kusukutua kwa maji ya vuguvugu. Uzi wa meno huuzwa kwenye maduka ya dawa, na hupita mahali ambapo chuma hakipiti. Mswaki wa mti, ule wa bibi zetu, nao ni mzuri ukitafunwa ncha mpaka ikalainika. Ukiona bado unataka kichuma, kiwe na ncha butu, kiwe chako peke yako, ukioshe kwa sabuni na kukichemsha, kisha ukihifadhi kikiwa kikavu, si kwenye funguo zinazoshikwa na kila mkono.

Tena, chakula kikikwama kila siku mahali palepale, usilaumu nyama. Huenda jino limetoboka, au kizibo kimevunjika. Yule mama wa kichuma tulimwuliza ni jino lipi linalomsumbua. Akatuonyesha la nyuma, upande wa kulia. Tukamulika kwa tochi ya simu, tundu tukaliona. Wiki iliyofuata alikwenda kulizibisha.