Maranda yana mnunuzi, vumbi halina

Hapa Shelui vumbi la mawe linaogopwa. Kijana akirudi kutoka kwenye karasha za dhahabu ametapakaa unga mweupe, mama yake humwambia aoge kabla hajagusa chakula. Tumeishi na dhahabu tangu Wajerumani walipoanza kuchimba Sekenke mwaka 1909, na habari za vifua vilivyoharibika mgodini kila ukoo unazo. Lakini kijana huyohuyo akiacha machimbo akaingia useremala, tunamshukuru Mungu kwamba kapata kazi safi. Vumbi la mbao linanukia vizuri, nani aliogope?

Mimi ni mke wa seremala. Karakana ya baba watoto iko uani, hatua chache kutoka jikoni kwangu, kwa hiyo nazungumza kama mtu anayefagia, anayefua na anayepakua wali ulionyunyiziwa unga wa mninga. Ninachodai ni kwamba karakana zetu za nyumbani zinakusanya kile tu kinachouzika. Kisichouzika kinaachwa kielee, na watoto wanakivuta.

Maranda hayana shida. Yale yanayojikunja kutoka kwenye randa huchukuliwa na wafugaji wa kuku kutandika bandani, na wakati wa vifaranga wanayagombania. Pumba za msumeno ni zangu. Nina jiko la debe: unalaza chupa moja chini mlangoni, unasimamisha nyingine katikati, unashindilia pumba kuzizunguka mpaka zikaze, kisha unazichomoa chupa taratibu huku ukizizungusha. Likishika moto linaivisha maharage bila kuchochewa. Siku hizi mkaa ulivyopanda bei, gunia la pumba kwangu ni mali.

Ugomvi wangu na vijana wa karakana ni pale wanapochanganya. Mbao za paa zinazotoka Mafinga, zile zilizotiwa dawa mpaka zikawa na ukijani, zina shaba, kromiamu na aseniki. Pumba zake haziingii jikoni wala bandani. “Mama, pumba ni pumba tu,” wananiambia. Si kweli. Ukizichoma, moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu, na kuku hudonoa chochote anachokanyaga. Kuwa na magunia mawili badala ya moja hakuhitaji mtaji wowote, na hata hilo limenigharimu kelele nyingi.

Hayo angalau yanaonekana. Balaa lenyewe huanza kitanda kikishaungwa, mashine ya msasa inapowashwa. Nifunike sufuria wakati huo, nikae kidogo tu, mfuniko unakuwa na utando wa kahawia ambao mtoto anaweza kuandika jina lake kwa kidole. Na hilo ni vumbi zito lililokubali kutua. Jepesi zaidi linaelea kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, na ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu.

Haya si maneno ya mama mwenye usafi uliopitiliza. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Dalili za mapema zilionekana Uingereza katika miaka ya 1960, kwa watengeneza samani wa High Wycombe waliokuwa wakiugua saratani ya pua kwa wingi usio wa kawaida. Mbali na saratani kuna pumu, mafua yasiyoisha, macho kuwasha na ngozi kututumka. Mafundi wetu wanajua kwamba mvule unawasha na mpingo unapigisha chafya. Wanachofanya ni kunywa maziwa, eti yanasafisha kifua, na kesho wanaendelea.

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni kwamba wazee walifanya kazi hii maisha yao yote. Wazee walitumia randa ya mkono na msumeno wa mkono. Randa ya mkono inatoa maranda, haitoi ukungu. Mashine ya msasa na MDF, ambayo ni nyuzi laini za mbao zilizoshikizwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, ni mambo mapya uani kwetu, na vifua vya wazee haviwezi kuyatolea ushahidi.

Utetezi wa pili ni kwamba karakana yetu ni mabati juu ya nguzo, haina kuta, upepo unaondoa kila kitu. Unaondoa kupeleka wapi? Kiangazi upepo hapa unatoka mashariki, unashuka na mlima Sekenke, na mafundi wengi wamejenga karakana upande huohuo wa mashariki ya nyumba ili wapate kivuli cha jioni. Maana yake vumbi lote linaingia dirishani. Tena pua ya fundi iko shubiri chache juu ya msasa. Vumbi linamfikia yeye kabla upepo haujalichukua.

Kwetu tumehamisha meza ya msasa upande wa magharibi, na baba watoto ameunganisha pipa la bati. Bomba linaanzia pale vumbi linapozaliwa na kuingia kwenye pipa kwa ubavu, si katikati. Feni ya kufyonza iko mwishoni na inavuta hewa kupitia juu ya mfuniko. Hewa ikiingia kwa ubavu inazunguka kwa kasi, maranda na pumba vinasukumwa kwenye ukuta wa pipa na kuanguka chini. Lile jepesi kabisa pipa haliwezi kulishika, kwa hiyo bomba la feni linatokea nje kabisa, mbali na watu. Fagio kavu limepigwa marufuku. Tunamwagia maji kwanza. Kujipuliza nguo kwa kompresa pia marufuku, ingawa vijana wanaipenda kama mchezo. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Inatakiwa ile ya N95, tena ibane usoni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, lakini sijawahi kuona mkaguzi akiingia uani kwa mtu, na sitegemei aje kesho. Njia ya kutufikia ni pesa na mafunzo. VETA wanafundisha useremala. Wayafanye mabomba ya kufyonza vumbi kuwa sehemu ya mtihani, kama ilivyo kuunga kona. SIDO, iliyopo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, haishindwi kuchomelea mapipa ya namna hii na kuyauza kwa bei ya fundi. Na halmashauri inapokopesha vikundi kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, isikubali andiko lenye mashine ya randa na mashine ya msasa ambalo halina feni, pipa na bomba. Ukilinganisha na bei ya mashine zenyewe, hizo ni nyongeza ndogo. Afisa maendeleo ya jamii akilirudisha andiko moja tu kwa sababu hiyo, vikundi vyote vya wilaya yetu ya Iramba vitakuwa na habari kabla ya siku ya mnada.