Sungura Mgonjwa Asiachwe na Njaa

Sungura akitoka kwenye upasuaji, wengi humwekea karoti pembeni na kusema atakula akipata nafuu. Kungoja huko kunaweza kumuua. Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi mfululizo, nao husukumwa na nyuzinyuzi za majani. Chakula kikikatika, utumbo hulegea, gesi hujaa, maumivu humzidi, naye huzidi kususa; mafuta ya mwilini huanza kurundikana kwenye ini. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huhesabu muda wa saa 12 bila kula kuwa dharura. Tazama sakafuni: kinyesi huwa kidogo na kikavu, kisha hukoma kabisa.

Yupo atakayesema kumlisha asiyetaka ni ukatili, tena atapaliwa. Hatari ya kupaliwa ni ya kweli, lakini huepukwa kwa subira: punje za chakula chake zilowekwe kwa maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji laini, kisha bomba la sindano, bila sindano yenyewe, liingizwe pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele. Ameze kwanza ndipo aongezwe, na kamwe asilazwe chali. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la utumbo ulioziba. Tumbo likivimba na kuwa gumu, kumlisha kunaweza kumwangamiza, hivyo daktari ampime kwanza na kumtuliza maumivu. Uji wa mahindi haufai, una wanga mwingi na nyuzinyuzi haba. Nyasi kavu ziwe mbele yake muda wote. Akianza kuzitafuna mwenyewe, ndipo bomba lipunguzwe.