Filamu ya haki za wanawake Waislamu: Shilingi ya kwanza itoke Nakuru

Mara nyingi fedha za kutengeneza filamu za hali halisi kuhusu haki za wanawake Waislamu hutoka mbali. Mfadhili wa ng'ambo hutangaza fungu lake, naye mtengenezaji huketi kuandika ombi kwa namna anayodhani itampendeza mwenye fedha. Basi hadithi hukamilika kabla kamera haijawashwa: mwanamke analia, dini inalaumiwa, na mkombozi anashuka kutoka ugenini. Je, mama wa Bondeni mjini Nakuru, au yule wa jamii ya Wanubi wa Eldama Ravine, ataitambua sura yake katika picha hiyo?

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo lenyewe si dogo, wala si la Pwani peke yake. Nakuru ina Mahakama yake ya Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimezipa mahakama hizo mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, mradi pande zote ni Waislamu na zimeridhia kusikizwa huko. Kifungu cha 24 nacho kimekubali kwamba masharti ya usawa yapunguzwe, kwa kiasi kinacholazimu tu, ili sheria ya Kiislamu ipate kutumika humo. Mpaka wa kiasi hicho ndio unaobishaniwa. Mwezi wa Juni mwaka 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto wa Mwislamu asinyimwe urithi kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa, na uamuzi huo ukazua mjadala mkali nchini.

Anayedhani kwamba wanawake wamenyamaza katika mambo haya amekosea. Msomi Susan Hirsch alichunguza mahakama za makadhi za Pwani ya Kenya, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1998 kilionyesha kwamba wengi wa wanaofungua mashtaka ni wanawake, na kwamba aghalabu wao ndio hushinda. Hudai matumizi, hudai mahari, huomba talaka. Nao hutegemea dini hiyo hiyo inayosemekana kuwanyima haki. Aya ya 7 ya Surat An-Nisaa imemtengea mwanamke fungu katika urithi, na wapo wanaonyimwa fungu hilo na ndugu zao wenyewe, kwa jina la mila. Hata hivyo, kushinda kesi ni jambo moja, na kupokea fedha zilizoamriwa ni jambo jingine. Filamu ya kweli haina budi kuyaonyesha yote mawili.

Waama, si kila fedha ya kigeni huharibu. Mwaka 1998 Kim Longinotto wa Uingereza na Ziba Mir-Hosseini, msomi wa Kiirani, walitoa filamu ya Divorce Iranian Style, iliyopigwa katika mahakama ya familia mjini Tehran. Wanawake waliomo hubishana na kadhi, hubembeleza, hukasirika na hata kufanya hila. Filamu hiyo ilifaulu kwa kuwa mmoja wa waliokuwa na kauli ndani yake aliijua sheria, lugha na nyumba za watu hao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndiyo maana nasema shilingi ya kwanza itoke hapa. Anayetangulia kuchanga ndiye huuliza swali la kwanza. Wakija wafadhili wakubwa baadaye, watalikuta swali limekwisha kuulizwa. Wapo hata walio karibu: hazina ya Docubox jijini Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, husaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki.

Lakini harambee nayo ina mabwana zake. Tunamjua mgeni wa heshima anayetoa kitita mbele ya umati kisha akadai shukrani maisha yake yote. Tajiri aliyemnyima dada yake urithi aweza kuwa wa kwanza kuchangia, ili filamu isiguse urithi. Kwa hiyo michango iwe midogo na ya wengi, jambo ambalo M-Pesa imelirahisisha tangu mwaka 2007. Hesabu isomwe hadharani, na mchangiaji yeyote asipewe kauli juu ya kinachokatwa na kinachobakizwa. Fauka ya hayo, fungu litengwe la kuwaonyesha filamu wanawake waliosema, kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Atakayeona kwamba maneno yake yatamletea madhara nyumbani awe na haki ya kuyaondoa. Watengenezaji wataondoka, yeye atabaki na majirani.

Walimu na wanafunzi wana nafasi yao. Shule zetu tayari hutengeneza filamu kwa ajili ya Tamasha ya Kitaifa ya Drama na Filamu. Wanafunzi wa sheria wa Egerton na Kabarak waweza kueleza vifungu vya Katiba kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa elimu ya dini ya Kiislamu waweza kuketi pamoja kuandaa maswali ya mahojiano. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa na wengi hakina mwenyewe mmoja wa kukifunika.