"Muache alale" itatumalizia mabeshte

Leo nina beef na maneno mawili tu: muache alale.

Pita River Road saa nne usiku, hapo kati ya magari ya kwenda shagz na zile baa za kupanda ngazi, utayasikia. Msee amezima juu ya meza, mate yanatiririka, na beshte zake wanacheka: "Muache alale, asubuhi atakuwa fiti." Nikwambie tu, hayo maneno yananitisha kuliko chupa yenyewe.

Tukisikia dawa za kulevya tunawaza unga wa kwa sinema. Lakini utafiti wa NACADA wa 2022 ulipata Mkenya 1 kati ya kila 6, wa miaka 15 hadi 65, anatumia kitu, na pombe ndiyo inaongoza: zaidi ya watu milioni 3. Bangi, ile wazazi wetu wanapigia kelele, ni laki 5 na kitu.

Sasa ongezea tembe za usingizi, zile mtaa unaita bugizi. Pombe inapunguza mwendo wa ubongo, tembe nayo vilevile. Zikikutana, hata kupumua kunapungua. Huyo halali, anazama. Akitapika akiwa chali, hana nguvu ya kukohoa, matapishi yanaingia kwa mapafu. Na usiniambie alijitakia. Mchele wa kwa baa, iwe ni River Road ama Westlands, mara nyingi ni dawa za usingizi hizo hizo, na aliyewekewa hakuulizwa.

Halafu kuna methanoli, ile sumu ya pombe haramu. Hii inangoja. Msee analala, anaamka, anadhani ni hangova, kumbe mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Inaweza kuchukua hata siku nzima, ndipo aanze kuona ukungu, kama TV ya kitambo haijashika stesheni. Kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 mwaka wa 2000, Mukuru kwa Njenga na mitaa ya karibu. Februari 2024, Kangai kule Kirinyaga, pombe haramu ikaua 17. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu kumi kumi na bado tunaambiana ni usingizi.

Najua mbona watu hawaendi hosi. Doh haiko, na kila mtu anaogopa karao. Mimi si daktari, hata chuo niliacha katikati, lakini hii haihitaji digrii. Mwite jina, mfinye. Haamki? Anapumua polepole ama anakoroma vibaya? Midomo imebadilika rangi? Mlaze kwa ubavu, usimpe maziwa wala kahawa, usimwache peke yake, tafuta gari mara moja. Akisema haoni vizuri, hata kama ni kesho yake mchana, ni hosi pia. Ile namba ya bure ya NACADA, 1192, ni ya ushauri wa kuacha, isikucheleweshe.

Na mkifika, semeni alichokunywa, chote. Kama chupa ama karatasi ya tembe iko, bebeni.